Mtoto Aende Mtoni na Swali Lake

Mwanafunzi wa darasa la sita akiambiwa afanye utafiti kuhusu mito, mara nyingi hurudi na aya tatu alizonakili kwenye simu ya mzazi: maana ya mto, mto mrefu kuliko yote duniani, faida za mito. Hakuna alichokitafuta. Majibu yalikuwapo kabla hajauliza, na mwalimu aliyajua siku nyingi. Utafiti huanza pale ambapo hakuna mtu darasani anayejua jibu, mwalimu akiwemo, na njia ya kulipata ni kwenda kuangalia. Ndiyo maana napendekeza mto, kijito au hata mfereji mkubwa ulio karibu na shule yenu. Hakuna kitabu kinachosema maji yaliyopita chini ya daraja la mtaani kwenu leo asubuhi yalikuwa na kina gani. Mtoto akipima, yeye ndiye mtu wa kwanza kujua.

Mwongozo huu ni wa walimu na wazazi wenye watoto wa miaka 9 hadi 14. Mifano mingi nimeitoa Mto Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu na kukatiza Dar es Salaam kupitia Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Aliyeko Mwanza ana Mirongo, aliyeko Arusha ana Themi, na Nairobi ina mto wenye jina la jiji lenyewe. Kazi ni ileile.

Usalama

Mtoto asiingie majini. Nalisema mapema kwa sababu picha nyingi za masomo ya aina hii, hasa kutoka Ulaya, huonyesha watoto wamesimama katikati ya kijito wakiwa na mabuti, na kwetu hilo halifai. Kichocho huenezwa na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Mtu hahitaji kumeza hata tone. Mito ya mijini hubeba pia maji ya vyoo. Kwa hiyo kila kipimo nitakachoeleza hapa huchukuliwa kutoka darajani, kivukoni au ukingoni, kwa kamba na ndoo, na kamba hiyo hushikwa na mtu mzima.

Hatari nyingine ni maji yanayokuja bila taarifa. Mvua kubwa ikinyesha Pugu, mto hupanda Jangwani hata kama Jangwani jua linawaka. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tazama anga ya upande mto unakotoka kabla ya kuondoka shuleni. Siku za mvua kubwa, na siku inayofuata, watoto wasishuke ukingoni hata kidogo. Kipimo cha siku hiyo kichukuliwe na mtu mzima kutoka juu ya daraja imara, au kiachwe.

Yaliyobaki ni ya kawaida, lakini yafanywe. Wazazi waandikiwe barua na waijibu kwa sahihi. Ofisi ya serikali ya mtaa ipewe taarifa. Watu wazima wasipungue wawili, na awepo mmoja kwa kila watoto wanane. Bebeni glovu, sabuni na maji safi ya kunawa. Mtoto mwenye kidonda mkononi siku hiyo awe mwandishi, asiguse sampuli.

Swali

Hapa ndipo walimu wengi huharakisha, na hapa ndipo pa kukaa. Mpe kila mtoto nusu saa mtoni bila kazi yoyote isipokuwa kutazama na kuandika maswali yasiyopungua matano. Usisahihishe. Wataandika mambo kama: kwa nini watu wanachafua mto? Kuna mamba? Maji haya yanatoka wapi? Kwa nini upande ule una majani na huu hauna? Mbona ndege weupe wamesimama pale tu?

Rudini darasani mkayachambue. Swali la kwanza ni la kweli na lina uchungu, lakini mtoto hawezi kulijibu kwa macho na rula, na tayari limeshahukumu watu. Liongozeni lishuke hadi lipimike: takataka ni nyingi juu ya daraja au chini yake? Zinaongezeka siku ya gulio? Swali la ndege ni zuri tangu lilipozaliwa, kwani lina mahali na lina jambo la kuhesabu. Kipimo changu cha swali la mtoto ni kimoja: je, ndani yake kuna kulinganisha? Sehemu mbili, nyakati mbili, au kabla na baada. “Mto wetu una kina gani?” huzaa namba moja ambayo haina la kusema. “Mvua ikishanyesha, maji huchukua siku ngapi kurudi kwenye kina cha kawaida?” huzaa kazi ya muhula mzima.

Swali likishachaguliwa, kila mtoto aandike anachotabiri, na sababu yake, kwa mwandiko wake. Vitabu vya mbinu za utafiti huita hiyo nadharia tete. Watoto waite utabiri. Muhimu ni kwamba utabiri ukishaandikwa haufutwi. Mtoto aliyetabiri kwamba maji ya Kigogo ni baridi kuliko ya Pugu, kisha kipimajoto kikamwonyesha kinyume, atataka kufuta mstari ule. Mzuie kwa upole. Mwambie ukurasa huo ndio wenye thamani kuliko yote kwenye daftari lake, kwa sababu unaonyesha mahali alipojifunza jambo. Na wewe mwalimu, hata kama unadhani unajua jibu, nyamaza. Ukilitaja, vipimo vyote vitaanza kuelekea huko.

Daftari la uga

Kila mtoto awe na daftari dogo lenye jalada gumu, na penseli. Wino wa kalamu ukilowa husambaa na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Juu ya kila ukurasa iandikwe tarehe, saa, mahali, hali ya hewa ya leo na ya jana, na majina ya waliokuwapo.

Chini yake ukurasa ugawanywe safu mbili: NIMEONA na NADHANI. Mkifanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanyeni hili. Mtoto ataandika kwenye safu ya kwanza, “Maji ni machafu.” Muulize ameona nini. Atasema maji ni ya kijivu, yana povu karibu na bomba, yananuka kama mayai viza, na kuna chupa saba za plastiki kati ya daraja na mti wa mwarobaini. Hayo yote ni ya NIMEONA, hata harufu, maana ameipata kwa pua yake. “Machafu” ihamie NADHANI. Mara ya kwanza zoezi hili huwachosha. Baada ya wiki chache utawasikia wakisahihishana wenyewe uwanjani, mmoja akidai fulani kamwibia kalamu na mwenzake akimuuliza: umeona, au unadhani?

Kupima

Kasi ya maji hupimwa kwa chungwa. Nalipendelea kuliko kipande cha mti au chupa tupu, kwa sababu sehemu kubwa ya chungwa huzama, hivyo upepo haulisukumi sana. Pimeni mita 10 za ukingo ulionyooka kwa futi kamba, wekeni mtoto mmoja kila mwisho, mtu mzima alirushe chungwa katikati ya mkondo juu kidogo ya mstari wa kuanzia, na mwenye saa ahesabu sekunde. Rudieni mara tatu. Mkipata sekunde 24, 26 na 25, wastani ni 25, na kasi ni 10 gawanya kwa 25, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mchanga na mawe, kwa hiyo wapimaji huzidisha jibu hilo kwa 0.85 ili kukaribia kasi ya mto mzima: 0.4 mara 0.85 ni 0.34.

Sasa ukubwa wa mto. Kutoka darajani teremsheni kamba yenye jiwe, iliyofungwa fundo kila sentimita 10, katika sehemu tano toka ukingo hadi ukingo. Tuseme mmepata sentimita 10, 20, 30, 25 na 15. Wastani ni 20, yaani mita 0.2. Kama upana wa maji ni mita 3, eneo la mkato ni mita za mraba 0.6. Zidisheni kwa kasi: 0.6 mara 0.34 ni 0.204. Hizo ni mita za ujazo kwa kila sekunde, sawa na lita 204. Waambie watoto waigeuze kuwa ndoo za lita 20. Ndoo kumi kila sekunde, mchana na usiku! Hesabu ya desimali waliyoichukia darasani huwa na uzito mwingine ikishakuwa na ndoo ndani yake.

Kuhusu kurudia mara tatu: siku moja namba zitakuja 24, 25 na 41. Darasa litataka kuitupa 41. Wasiitupe kabla hawajaeleza kilichotokea. Chungwa lilinasa kwenye majani? Mwenye saa aligeuka kutazama bodaboda? Kama sababu iliandikwa wakati uleule, kipimo kinaweza kuachwa na sababu ikabaki daftarini. Kama hakuna sababu, 41 inabaki, na warudie mara nyingine tatu. Uaminifu wa mtafiti hufundishwa hapo, kwa namba halisi, na hauhitaji hotuba.

Uangavu wa maji una historia nzuri ya kuwasimulia. Mwaka 1865 padri na mwanafalaki wa Italia, Angelo Secchi, alijaribu kupima uangavu wa Bahari ya Mediterania kwa kuteremsha sahani ndani ya maji na kuona inapotelea kwenye kina gani. Sahani yake ingali inatumika duniani kote. Nyinyi chukueni chupa angavu iliyonyooka, mkate shingo yake, muisimamishe juu ya karatasi yenye alama nyeusi ya X, kisha mmimine maji ya mto taratibu huku mtoto akitazama kutoka juu. Alama ikipotea, pimeni kimo cha maji kwa sentimita. Mtoto yuleyule atazame kila mara, maana macho hutofautiana.

Mvua hupimwa kwa chupa pia: kateni sehemu ya juu, igeuzeni iwe faneli, jazeni kokoto na maji hadi pale ukuta wa chupa unaponyooka, na hapo ndipo sifuri. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Mwenye hamu ya kujua uchachu wa maji achemshe maua makavu ya choya. Maji yake huwa mekundu kwenye ndimu na huelekea kijani kwenye maji ya majivu. Kipimo hiki si cha kutegemea kwa kusema mengi, ila watoto hukipenda.

Shule zilizo karibu na Salenda zina somo ambalo za Pugu hazina. Pale mto hukutana na bahari kwenye mikoko, na maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Watoto wanaweza kupima kina Jumatatu na kukuta kimepanda sana Ijumaa, wakaandika kwamba mvua imeongeza mto, kumbe Ijumaa walikwenda bahari ikiwa imejaa, tena wakati wa bamvua. Usiwatahadharishe mapema sana. Acha namba ziwagombanishe na chupa ya mvua iliyo kavu, kisha waulize ni jambo gani jingine lilikuwa tofauti siku ile. Wakishagundua saa ya bahari, wataelewa kwa nini saa iliandikwa juu ya kila ukurasa.

Wadudu wanaotoa ushahidi

Maji yanaweza kuwa safi saa unayopima na yawe yamebeba uchafu usiku uliopita. Wadudu wanaoishi chini ya mawe hukaa humo kwa wiki au miezi, hivyo huonyesha hali ya siku nyingi. Afrika Kusini wametengeneza njia iitwayo miniSASS, inayogawa wanyama hao wadogo katika makundi 13 ili hata watoto wa shule waweze kupima afya ya mto. Wazo lake ni rahisi. Kuna wadudu wanaohitaji oksijeni nyingi, kama wale wachanga wembamba wenye mikia miwili au mitatu. Mto ukichafuliwa, wao hutoweka kwanza. Kuna wanaovumilia zaidi, kama watoto wa kereng’ende. Na kuna vibuu vyekundu vinavyoishi hata kwenye tope lenye oksijeni haba, kwa msaada wa himoglobini, ileile inayofanya damu yetu iwe nyekundu.

Kazi hii ifanyieni kijito kisichopokea maji ya vyoo. Mtu mzima mwenye glovu na mabuti atoe mawe machache kwa koleo, ayasuuze ndani ya beseni jeupe, na watoto watazame, wachore na wahesabu. Kuchora kuna faida kuliko kupiga picha, kwa kuwa mchoraji hulazimika kuhesabu miguu. Mkimaliza, wanyama warudishwe walikotoka.

Lakini yapo ambayo wala jicho wala wadudu hawatayaona. Mwaka 1999, Bahemuka na Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti kuhusu metali nzito, risasi ikiwa mojawapo, katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Risasi haina rangi wala harufu ndani ya mchicha; iligunduliwa kwa mashine ya maabara. Wasomee watoto habari hiyo, kisha waandike mwishoni mwa daftari orodha ya mambo ambayo vifaa vyao haviwezi kuyasema. Mtoto asije akatangaza mtaani kwamba maji ni salama kwa sababu X ilionekana chini ya chupa.

Wazee wa mto

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule zinawafundisha watoto kuona maarifa yote yamo vitabuni na kwa wasomi, na hekima ya wazee wao haina thamani. Mto ni mahali pa kulirekebisha hilo, mradi watoto wajue kuuliza. Hakuna kumbukumbu ya maandishi inayoeleza kila kisima kilichofukiwa na kila mti uliosombwa ukingoni. Wapo watu waliouona.

Watoto waende wawili wawili, wasalimie, wajieleze wametoka wapi na kwa nini, waombe ruhusa ya kuandika. Kisha swali lisiwe na jibu ndani yake. “Shikamoo bibi. Zamani mto huu ulikuwa safi, siyo?” humfanya bibi akubali tu ili wasiaibike. “Bibi, ulipohamia hapa mto ulikuwaje?” humpa nafasi. Na kwa kuwa wengi hawakumbuki miaka kwa namba, tumieni matukio: ilikuwa kabla au baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998? Mwalimu Nyerere alikuwa ameshafariki? Mabasi ya mwendokasi yalikuwa yameanza? Waulizwe wazee watatu, kila mmoja peke yake. Wakipishana, majibu yote matatu yaandikwe. Alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba inaweza kupimwa kwa rula na kulinganishwa na masimulizi.

Tahadhari moja ya utu. Katika bonde la Msimbazi wapo waliopoteza ndugu kwa mafuriko, na wapo ambao nyumba zao zimebomolewa kupisha mradi wa kuendeleza bonde, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia miongoni mwa wengine. Baadhi yao ni wazazi wa watoto hao hao darasani. Mzee akinyamaza, watoto wafunge daftari, washukuru na waage.

Ramani na ripoti

Watoto wachore ramani kwa kuhesabu hatua, kabla hawajaonyeshwa picha ya setilaiti. Kisha walinganishe. Wakiona kazi inawazidi, waambie kuhusu Ramani Huria: kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam walitembea mitaani wakachora njia, majengo na mifereji ya maeneo yanayofurika, na ramani hizo ziko wazi kwa kila mtu kwenye OpenStreetMap.

Ripoti iwe kurasa mbili na grafu moja kwenye karatasi ya manila. Iseme tuliuliza nini, tulifanyaje, tumepata nini, na nini hatukuweza kujua. Jina la mtu au namba ya nyumba inayotupa taka lisiandikwe. Watoto hawakupewa ruhusa ya kushtaki, na takwimu hazihitaji jina. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka mita 60 za ulinzi kando ya mto, na watoto wakubwa wanaweza kuijadili darasani, lakini wasipite na futi kamba mbele ya milango ya watu.

Ripoti isiishie kwenye kabati la mwalimu. Mwalikeni mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wazazi, watoto wasimame wenyewe waeleze, na waulizwe maswali magumu. Wasipojua, waruhusiwe kujibu “hatukupima hilo.” Nakala moja ibaki shuleni pamoja na daftari, maana darasa la mwakani litahitaji namba za mwaka huu ili lilinganishe.

Masika huanza Machi. Chagueni daraja lenu, pateni ruhusa, na mchukue vipimo vya kwanza Februari, mto ukiwa bado chini.